Nilianguka Nikainuka Haraka Mno

Aneth mwanangu,

Nawasikia huko ndani, wewe na mama yako. Anakwambia sufuria ndogo iingie ndani ya kubwa, shuka la pili liwe juu ili usilitafute ukifika umechoka, na kwenye basi usikubali siti ya nyuma kabisa kwa sababu inarusha. Mambo hayo nimemwachia yeye. Anayaweza, na hata nisingemwachia angeyachukua. Mimi nimetoka hapa kibarazani, nimeweka mguu juu ya stuli kama bwana mkubwa, na ninaandika wakati jua bado lipo. Mlima umeshajifunika mawingu, kwa hiyo hakuna cha kunipotezea muda.

Utauliza barua ya nini na simu zipo. Kwenye simu unanijua. Jambo likianza kuwa zito naingiza utani, wewe unacheka, salio linaisha, na tunaagana bila mtu kusema kitu. Karatasi haichekeshwi. Nikiiandikia utani inanyamaza tu inaniangalia.

Nataka kukueleza habari ya goti langu, yote. Wewe unaijua nusu, na hiyo nusu niliitengeneza mimi mwenyewe.

Nimeamua kukueleza kwa sababu ya jambo nililoliona Jumapili iliyopita tulipokuwa tunatoka kanisani. Yule mama mnene wa kwaya alikukanyaga mguu, akakanyaga kweli kweli na kiatu chake cha kisigino, na wewe ndiye uliyesema, "Samahani, mama." Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana niliona mtu ninayemjua. Sura umechukua kwa mama yako, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini ile samahani ni yangu. Nimekupa bila kujua, na kesho unaondoka nayo kwenda kufundisha Sumbawanga, mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayejua kwamba ukisema "nipo sawa" mara nyingi hupo sawa.

Basi sikiliza.

Unajua kazi yangu. Nimeezeka nyumba hapa Sakina, nimeezeka Elerai, nimeezeka mpaka kule juu Ngaramtoni ambako upepo unakunyang'anya bati mkononi. Juu ya paa natembea kwa kufuata mstari wa misumari, kwa sababu chini ya misumari ndipo papi ilipo, ule ubao unaobeba bati, na papi haikuangushi. Umri wote huo sijawahi kuanguka kutoka juu. Nilikuwa najisifu sana kwa hilo, mama yako ni shahidi, alishachoka kusikia. Nikaja kuanguka chini, kwenye ardhi tambarare, pasipo na hata pa kuangukia.

Ilikuwa mbele ya zile fremu za maduka za Mzee Aikaeli, hapo barabarani. Unazikumbuka. Ule mtaro wa mbele alikuwa ameufunika na slabu za zege ili wateja wavuke, na slabu moja ilivunjika pembeni, nondo ikachomoza na kujikunja juu. Ilikaa hivyo muda mrefu sana. Watu wa pale walishaizoea, walikuwa wanainua mguu bila hata kuangalia, kama unavyoinua mguu kuvuka kizingiti cha kwenu. Mtu fulani mwenye huruma aliifunga mfuko mwekundu ili ionekane, ila jua liliufubaza mpaka ukawa rangi ya vumbi.

Mimi nilikuwa naenda dukani kununua misumari ya bati. Na kwa nini sikuiona hiyo nondo? Nilikuwa nimeinua kichwa naangalia paa la jengo la jirani. Fundi aliyeliezeka alikuwa amepiga misumari kwenye mabonde ya bati badala ya kwenye migongo, na mimi nikawa namcheka moyoni, nasema mvua ya kwanza tu huyu ataitwa. Hapo hapo nondo ikanidaka mguu. Nilikwenda kifudifudi, goti la kulia likatangulia kwenye zege.

Sasa nikuambie nilichofanya kwanza. Sikuangalia goti. Niliangalia nani ameona.

Walikuwa wameona wote. Vijana wa bodaboda pale kivulini, mwenye duka, na Mama Nai yule Mwarusha anayeuza ndizi mbivu kwenye beseni. Kijana mmoja akaruka kuja kunishika. "Mzee, pole! Umeumia?" Nikainuka haraka kabla hajanifikia, nikajipangusa, nikamwambia, "Aa, wapi! Nilikuwa naangalia kama slabu imewekwa sawasawa." Wakacheka sana. Na mimi nikacheka, nikacheka kuwashinda wao. Kisha nikaingia dukani, nikasubiri nihudumiwe, nikapimiwa misumari yangu, nikatoka nayo, nikavuka barabara huku nimebana meno. Nilikuwa nimeumia mpaka nasikia kichefuchefu, na nilikuwa nanunua misumari.

Unanielewa lakini? Fundi wa kuezeka ambaye ameanguka mtaroni, nani atampandisha juu ya nyumba yake? Ndivyo nilivyojiambia. Kwa hiyo nilipofika nyumbani nilimwambia mama yako kwamba ngazi imeteleza ikanigonga. Ngazi ina heshima yake. Kesho yake goti lilikuwa limevimba hata suruali haipandi, tukaenda hospitali, na daktari aliponiuliza nikamwambia hiyo hiyo ngazi, naye akaandika ngazi. Pia ya goti ilikuwa imepasuka. Wakanipasua, wakaifunga kwa waya, na mimi nikalala wodini nikiwa na uongo wangu.

Wewe ulikuwa chuoni. Ulinipigia ukaniuliza, "Baba, mama anasema umeumia?" Nikakujibu nimeteguka kidogo, niko hapa kibarazani nakunywa chai. Nilikuwa kitandani mwanangu, na mgonjwa wa kitanda cha pili alinigeukia akaniangalia. Hiyo ndiyo nusu uliyokuwa unaijua.

Habari zikamfikia Mzee Aikaeli, si kwa mdomo wangu. Mama Nai ndiye aliyemwambia, "Yule fundi aliyeanguka kwako yuko hospitali." Mzee Aikaeli si mtu mbaya, nataka uliweke hilo akilini unaposoma. Ni mtu wetu wa Machame, tunasali usharika mmoja, na nusu ya kazi nilizopata katika mji huu zilitoka kwake au kwa watu aliowatuma. Alishtuka. Nilipotoka hospitali tu, Jumapili baada ya ibada, wakaja nyumbani. Alitangulia kaka yake mkubwa, Mzee Elifasi, akiwa na mzee wa kanisa, na yeye mwenyewe Aikaeli nyuma yao, kichwa chini. Mzee Elifasi alikuwa ameshika jani la isale kwa mikono miwili, limefungwa fundo.

Wewe umekulia Sakina, isale umeiona kwa babu kwenye uzio wa shamba ukadhani ni ua la kupamba tu. Kwetu Wachaga aliyekukosea akikuletea jani la isale, unasamehe. Hakuna kujadili. Ndivyo nilivyolelewa: anayekataa isale analikaribisha balaa nyumbani kwake. Mimi nikaongeza langu, kwamba ukishaipokea hutakiwi kulitamka tena jambo lile, ni kama kufukua kaburi. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilijifundisha, kwa sababu lilinifaa.

Nikaipokea. Nakuambia ukweli, nililia. Watu wazima watatu wamekuja kwangu na isale, kwangu mimi mpiga misumari. Mzee Elifasi akasema, akiniita kwa heshima ya Kichaga, "Mbe, sisi tumekosa. Sasa tuambie, umeumia wapi na umeumia kiasi gani?" Na mimi nikafuta machozi nikasema, "Aa, mzee wangu, si kitu. Mambo ya dunia haya. Litapona." Mama yako akaleta machalari ya ndizi na nyama, tukala. Wakakaa. Wakaendelea kukaa. Kila mazungumzo yalipopoa walinitazama, na mimi nikaingiza habari ya mvua, nikaingiza habari ya kahawa, nikaingiza habari ya mchungaji mpya. Mwishowe wakaaga.

Walipoondoka mama yako, ambaye kwa ugeni huo alijua kwamba ngazi ilikuwa uongo, alitoka jikoni akalitazama lile jani juu ya meza. Unajua yeye ni mtu wa Singida, isale haimtishi. Akaniuliza, "Hilo jani ndilo litakalopanda juu ya paa badala yako?"

Nilimfokea. Nikamwambia hajui mila. Nikamwambia neno fidia lisitamkwe ndani ya nyumba hii, ni neno la watu wenye tamaa. Akarudi jikoni. Katika mambo yote niliyomkosea mama yako, na ni mengi, hilo ndilo ningependa kulirudia nilifanye upya.

Miezi iliyofuata uliiona kidogo ulipokuja likizo. Ulikuta ngazi yangu imelala kando ya ukuta, kuku wanaitumia kupumzikia, ukaniuliza nikasema msimu hauna kazi. Ulimkuta mama yako anakaanga maandazi ya kuuza pale kona, ukamsifia kwamba ameanza biashara. Hakuwa ameanza biashara, mwanangu. Alikuwa analisha nyumba, kwa sababu mume wake amekaa na isale na heshima na goti lisilokunja. Na daktari alikuwa ameshasema zile waya zinachoma, inabidi zitolewe, kuna upasuaji wa pili, na bila huo sitakunja mguu tena. Hatukuwa na cha kuulipia. Nikawa namjibu kila anayeuliza, "Linaendelea vizuri." Hilo neno vizuri lilinigharimu kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Na hali ingekuwa hivyo hivyo mpaka leo, kama si siku moja nilipokuwa nimekaa ng'ambo ya barabara, mkabala na zile fremu, nakunywa kahawa, mkongojo pembeni. Nikamwona bibi mmoja anakuja na ndoo ya plastiki. Si mwenyeji, maana mwenyeji angeinua mguu. Nilimwona anaikaribia ile nondo. Nilifungua mdomo nimwonye, nikachelewa. Akaanguka, ndoo ikaenda zake.

Na unajua alifanya nini? Alianza kuinuka. Akiwa hajamaliza kuanguka alikuwa ameshaanza kuinuka, huku anatabasamu, anawaambia vijana, "Sijaumia wanangu, sijaumia." Mkono mmoja ameuficha ndani ya kanga.

Aneth, nilivuka ile barabara na mkongojo bila kuangalia kushoto wala kulia, gari zinanipigia honi, nami napiga kelele, "Kaa chini! Mama, usinyanyuke! Kaa chini hapo hapo!" Watu walidhani nimerukwa na akili. Nilipomfikia nikamshika bega. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba, niache niende, watu wananiangalia."

"Waache wakuangalie," nikamwambia. "Ndiyo wanavyotakiwa. Umeumia wapi?"

"Sijaumia."

"Nionyeshe huo mkono."

Akautoa. Kifundo kilikuwa kinavimba tukiona. Na hapo akaanza kulia, pale chini kwenye zege, mbele ya watu wote, na mimi nikakaa chini karibu naye nikiwa nimenyoosha goti langu, na Mama Nai akaja akakaa upande wa pili. Hakuna aliyecheka. Nimewahi kujiuliza mara nyingi, kama na mimi ningekaa chini siku ile, nani hasa angecheka? Vijana wale wale ndio walimtafutia bibi usafiri wa kwenda hospitali. Nilimtukana Mzee Aikaeli moyoni kwa ile nondo, halafu nikaona kwamba tusi la pili ni langu. Mimi niliijua nondo ile kuliko mtu yeyote, na nilikuwa nimenyamaza kwa sababu nimepewa jani.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Mzee Elifasi, yule aliyeibeba isale, nikamkuta anapalilia migomba yake midogo nyuma ya nyumba. Nikamwambia nataka kuuliza jambo na asinikasirikie. Mtu aliyepokea isale, akidai matibabu yake, amevunja mila?

Aliacha jembe. Akaniambia, "Fundi, sisi tulikaa kwako siku ile mpaka mgongo ukaniuma. Unafikiri tulikuwa tunasubiri nini? Machalari?"

Nikasema sijui.

"Tulikuwa tunakusubiri wewe useme. Isale inaondoa kinyongo, ndiyo watu waweze kukaa waongee. Mwenye jeraha ndiye anayetaja jeraha lake, mimi siwezi kukutajia. Nimekuuliza umeumia wapi, umenijibu si kitu. Nikamrudia mdogo wangu nikamwambia fundi hadai kitu, mkono wake mweupe." Akatikisa kichwa. "Sasa mbe, ulitaka sisi tukulazimishe kuumia?"

Niliona haya nikatamani ile migomba inifunike. Miezi yote ile mimi nilikuwa namwona Aikaeli mtu wa jani tupu, na yeye alikuwa anaenda kanisani akiamini amenisikia. Mila haikunifunga mdomo. Nilijifunga mwenyewe, kisha nikaisingizia mila.

Basi ndipo kazi ikaanza, na ilikuwa ngumu, nisikudanganye. Mama yako alinipeleka kwa binti mmoja msaidizi wa kisheria anayekaa pale ofisi ya kata siku za soko. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kusamehe ni hiari yangu na hakuna sheria inayokataza, ila matibabu ni suala jingine na naweza kuyadai hata mahakamani ikibidi. Kisha akaniuliza nani aliona, na daktari aliandika nini. Nikamwambia ngazi. Akaweka kalamu chini. "Baba," akasema, "hiyo ngazi itabidi uishushe wewe mwenyewe." Nikarudi hospitali kumwambia daktari kwamba nilimdanganya. Aliuliza kwa nini. Nikasema niliona aibu. Akasema si mimi wa kwanza, akaandika upya.

Tukaenda kwa Mzee Aikaeli, nyumbani kwake Elerai, mimi na mama yako na Mzee Elifasi na Mama Nai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Karibuni. Goti linaendeleaje?"

Ulimi ulishakunja lile neno vizuri, Aneth, lilikuwa limefika kwenye meno. Mama yako akakohoa. Nikasema, "Linauma, mzee. Linauma kila siku, na halikunji."

Uso wake ukabadilika. "Lakini si tulimaliza? Nilileta isale mwenyewe."

"Uliileta, nami nilikusamehe, na leo bado nimekusamehe. Sijaja kuchukua msamaha wangu. Nimekuletea goti, maana siku ile nilikuficha."

Akakasirika. Sitakuficha, alikasirika sana. Akasema yeye amesikia nilimwambia daktari ngazi, kwa hiyo nataka kumbambikia ajali ya kazini. Nikasema ni kweli nilimwambia hivyo na nilidanganya. Ukisema neno kama hilo mbele ya mke wako na wazee, chumba kinakuwa kidogo. Akasema, basi tukuamini leo kwa lipi? Hapo Mama Nai akaongea, na yeye si mtu wa maneno mengi. Akasema, "Mimi nilikuwepo. Huyu alianguka kifudifudi, akainuka anacheka, uso umekuwa kama majivu. Akaingia dukani akanunua misumari. Nikasema moyoni, huyu mzee ana kichaa." Mama yako akaangua kicheko, hakuweza kujizuia, na Mzee Elifasi naye akacheka, na mwisho hata Aikaeli mwenyewe mdomo ukamtetemeka. Mzee Elifasi akasema, "Mdogo wangu, nilikuletea jibu pungufu. Hilo kosa nalibeba mimi. Msikilize fundi."

Hatukumaliza siku hiyo. Tulirudi, tukarudi tena, kuna siku aligoma kutupokea. Mwishoni alikubali matibabu yote, ule upasuaji wa pili ukiwemo, na kitu kwa ajili ya miezi niliyokaa bila kazi, alipe kidogo kidogo. Yule bibi wa ndoo, kumbe mtu wa Lemara, naye alitibiwa mkono. Tukaandikishana mbele ya mtendaji wa kata. Nondo ikakatwa na slabu ikamwagwa upya, pana na nzuri.

Lakini sitaki udhani kila kitu kilirudi mahali pake. Nyumba mpya ya Mzee Aikaeli kule Elerai imeezekwa na fundi mwingine. Kanisani ananisalimia kwa mbali, kwa kuinua mkono, na kahawa yetu ya baada ya ibada imekufa. Inaniuma, kwa sababu nilimpenda yule mzee na bado nampenda. Na goti sasa linakunja, ila kupanda juu daktari amekataa. Siku hizi nasimama chini napigia vijana kelele waweke msumari kwenye mgongo wa bati. Niliambiwa fidia ni ya kukurudisha ulipokuwa. Haikurudishi. Inakusaidia tu kuendelea kutoka pale ulipo, na mimi nimeikubali hivyo.

Sikuandikii haya ili uende Sumbawanga ukawe mgomvi, mwalimu mgeni anayefika na madai mkononi. Watakuchoka mapema. Nakuandikia kwa sababu kuna siku huko mtu atakukanyaga, pengine mwalimu mkuu, pengine mwenye nyumba, pengine mwanaume unayempenda, na mara nyingi atakuwa mtu mzuri ambaye hakukusudia. Hao ndio wagumu. Mbaya wako utamdai bila shida. Yule mzuri, aliyekuja kwako na kichwa chini, ndiye utakayetaka kumwambia si kitu. Msamehe, mama, samehe upesi kadiri unavyoweza, ila akikuuliza umeumia wapi, mwambie. Anauliza kwa sababu hajui.

Na mimi nina deni kwako la kuanza. Wiki hii yote umekuwa unaniuliza, "Baba, utakuwa sawa nikiondoka?" Mara ya kwanza nilikujibu chumba chako nitafugia kuku. Mara ya pili nikasema afadhali uende tupumzike na kelele zako za redio. Jana uliniuliza tena huku unanitazama, nikasema nitakuwa sawa kabisa, nikaenda kuangalia geti ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Sitakuwa sawa, Aneth. Sijalala vizuri tangu ajira zilipotoka na jina lako likaonekana kwenye mkoa wa mbali namna ile. Asubuhi nikisikia unafungua bomba pale nje nakuwa nimeshaamka, nasubiri tu nisikie, na sijui keshokutwa nitasikia nini. Nina furaha na wewe mpaka nawachosha watu barabarani, na ninaumia, vyote pamoja, na hakuna kinachopunguza kingine. Hapa ndipo panaponiuma. Nimekuonyesha.

Sasa panda basi, mwanangu.

Baba yako